Maziwa Yasiyo na Mtoto

Jumatano, 12 Machi

Futari imeliwa. Viazi vitamu, tambi, uji wa pilipili manga. Zuhura kafungua kwa tende, kanywa maji, kameza kidonge chake mbele yangu. Nimeona kinashuka. Kaenda kuswali.

Ramadhani iliyopita alikuwa anazunguka uani anamjibu mtu tusiyemwona. Sufuria la uji alilimwaga lote, sauti imemwambia tumetia kitu. Mwaka huu kanikunia nazi. Kaimba kidogo. Hii dawa mpya waliyompa kliniki ya akili imemkaa vizuri, mwanangu karudi. Funga anazo zote, hajakosa hata moja. Wifi yangu Tatu kafunga za mwanzo, halafu mgongo, halafu presha, leo kala maandazi mchana kweupe kisha kaniambia nimpishe pale jikoni. Mtoto wanayemwita chizi mtaa mzima kamshinda.

Naandika maana humu ndani kuta zina masikio, na masikio yenyewe ni ya wifi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefua. Gauni la kijani la Zuhura lina madoa mawili kifuani. Yamekauka, magumu kama wanga. Nikadhani tui. Nikanusa. Si tui.

Nimezaa watatu, Mungu kanibakishia mmoja. Harufu ile naijua.

Nimelifua mara mbili. Nimelianika ndani, nyuma ya pazia. Sijamuuliza. Naogopa jibu.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi kaanza.

Huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Nyumba hii ya hapa Chamazi aliijenga marehemu, ila kiwanja kilikuwa cha mama yao. Basi yeye ana chumba cha mbele na mdomo wa nyumba nzima. Tulikuwa tunachambua mchele. Kasema, "Wifi, huyu mwali wetu mbona hapumziki?"

Nikamwambia kafunga, apumzike vipi.

"Ndo hapo nnaposema. Shabani yote kalipa deni la mwaka jana mfululizo, hakukatiza. Ramadhani imefika kati, hajakatiza. Mie nimeshakoma, nina udhuru wangu. Yeye kakoma na miaka ishirini na nne?"

Nikaendelea kuchambua mchele. Macho hayakuona kitu, nilikuwa natupa mchele naacha mawe.

Mie mama yake mzazi. Wanawake tunaokaa nyumba moja tunajuana kwa funga, nani anakula lini, hatuulizani. Nikawa najisifu moyoni mwanangu kashika dini. Funga zake nilikuwa naziona kama thawabu. Sikuona kilichokosekana.

Baada ya kufuturu nimefunga mlango nikamuuliza. Kafungua vifungo mwenyewe. Kaminya kidogo. Tone jeupe. Kasema ni tangu mwaka jana, alidhani jasho. Na siku zake? Hajaziona tangu dawa ilipozoeleka. Alifurahi. Alidhani dawa inamsafisha.

Nikamuuliza kama kuna mwanaume. Kaniangalia kama vile mie ndo mgonjwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kununua kipimo cha mimba Mbagala, mbali na nyumbani. Dada wa duka la dawa kaziangalia mvi zangu, kaangalia kipimo, kaangalia mvi. Nikamwambia si changu. Kasema, "Hata kikiwa chako mama, hongera." Mpumbavu.

Mstari mmoja. Hakuna mimba. Nimekaa chini bafuni nikalia, sijui kwa furaha au kwa nini. Maana kama si mimba, ni nini?

Nimemwambia wifi ili anyamaze. Kasema vipimo hivi vya siku hizi hata ukimpima kuku vinasema hana mimba.

Jumanne, 18 Machi

Leo siku mbaya.

Uani tuna mpangaji, Elisha, fundi wa kuchomelea mageti. Kijana wa Iringa, mkristo, mpole. Kila asubuhi shikamoo mama. Wifi kaenda kusimama mlangoni kwake saa ya kufuturu, sauti juu, majirani wameacha uji wao. Kasema kuna watu wanajifanya wanaamkia wazee kumbe wanaamsha mengine.

Nami sikukaa nyuma. Nilimuuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu umemgusa?"

Elisha kaniangalia mie, si wifi. Kasema, "Mama, mimi nina dada zangu nyumbani." Kaingia ndani. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Sitaki kumwonea huruma. Nina hasira na kila mwanaume aliyewahi kupita mbele ya mlango wa mwanangu, hata muuza samaki. Zuhura kasikia yote akiwa ndani. Hakufuturu vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Elisha kahama. Kapakia mashine yake ya kuchomelea kwenye toyo ya magurudumu matatu, kaniachia ufunguo juu ya ndoo. Hakuniaga.

Wifi kageuza wimbo. Sasa si mtu, ni jini. Jini mahaba. Kamwoa Zuhura ndotoni, wamezaa huko kwao, na huku mwili unanyonyesha. Ana jibu la kila kitu. Vidonge? Vidonge vinamficha jini asionekane. Sauti? Mumewe anamwita. Kuna mtaalamu Mkuranga, baada ya Idi apelekwe, akae huko, asinywe dawa ya kizungu hata chembe.

Nikamwambia juu ya maiti yangu. Kasema, "Si wako peke yako. Ni mtoto wa kaka yangu."

Jambo moja tu nimekubali. Kasema maziwa yakikaa yanaganda, yanaleta jipu, lazima yakamuliwe asubuhi na jioni mpaka yaishe. Hilo nimekubali kwa sababu mwanangu wa pili alipofariki, marehemu mama alinikamua hivyohivyo kwa mikono yake huku analia. Basi nami namkamua wangu. Anakaa kwenye kigoda, anaangalia ukutani.

Yanazidi.

Jumapili, 23 Machi

Kacheka peke yake. Kwenye kona ya sebule, kichwa kimeinama upande, kama anasikiliza simu. Kicheko kile nakijua.

Nimepekua chumba chake. Godoro lina tundu upande wa ukutani, nikaingiza vidole. Vidonge. Vingine vimelowana mate vikakauka. Kumbe anaviweka chini ya ulimi, akienda kuswali anavitema.

Nikamuuliza nani kakufundisha. Kasema, "Shangazi. Kasema nikiacha, maziwa yatakata."

Nimetoka. Wifi alikuwa anasuka ukili barazani. Nimemshika kanga ya kifuani nikamnyanyua. Sijawahi kumshika mtu hivyo. Nimemwambia maneno siwezi kuyaandika mwezi huu. Kasema nimchinje basi. Kasema mie ndo nimeleta wendawazimu katika ukoo wao, kwao hakukuwa na chizi. Kasema kaka yake kafa kwa presha ya kuishi na mie.

Namchukia. Nimeandika, wala sifuti.

Funga yangu ya leo sijui kama ipo.

Jumatatu, 24 Machi

Kliniki. Yule daktari wetu yuko likizo, tumekuta binti, mdogo kuliko hata Zuhura kwa kumtazama. Kaniamkia shikamoo. Sikuitikia vizuri. Nikamwambia, "Nyie mmempa mwanangu maziwa. Sasa mnipe na mtoto wa kunyonya."

Hakukasirika. Kamgeukia Zuhura, kamuuliza siku zake za mwezi anaziona? Tunakwenda pale muda wote huo, kila tarehe yake, hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Wanauliza analala? Anakula? Anasikia sauti? Basi, kadi, nenda dirishani.

Kaeleza taratibu. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Inatoa homoni ya maziwa. Kila mtu anayo kidogo, hata mwanaume. Ubongo unaizuia isizidi. Dawa inayonyamazisha sauti inabana kilekile kinachoizuia, basi homoni inapanda. Ikipanda, maziwa yanatoka na siku zinasimama, maana mwili unadhani ananyonyesha. Si mimba. Si umalaya. Hakusema neno jini, nami sikumwambia.

Nikamwuliza kwa nini hatukuambiwa. Kasema, "Mlitakiwa muambiwe, mama. Samahani."

Nilikuja na maneno mengi zaidi ya hayo. Yamebaki tumboni, nimerudi nayo.

Vidonge aanze tena leo hii. Halafu damu: homoni hiyo, tezi ya shingo, figo, sukari. Pale kwao hiyo ya maziwa hawapimi, ni maabara ya mjini. Twende asubuhi, atulie kwanza ndo achomwe.

Usiku kameza. Nimemwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi. Kafungua kama mtoto. Nimejisikia vibaya lakini nimeangalia.

Jumatano, 26 Machi

Wifi kasimama mlangoni tukitoka. Kasema kutolewa damu kunafunguza. Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa ya Mungu, kuna wenzake wanakula bila ruhusa ya mtu. Hatusemeshani ila kwa namna hii.

Kabla hatujatoka nilimkamua bafuni, sana, yaishe kabisa, asije akavuja mbele za watu. Nikamwekea vitambaa viwili ndani ya sidiria. Nikamchagulia gauni jeusi.

Mjini tumefika tumechoka, kaitwa palepale. Kijana wa maabara kafunga mpira mkononi, kachoma, vichupa vimejaa kimoja kimoja. Zuhura kaninong'oneza, "Mama, inasema wataiuza." Nikamwambia damu ya Mzaramo haina soko. Kacheka. Hiki ni kicheko chake yeye. Nimekijua.

Njiani nimegundua sikumuuliza hiyo sauti inasema tangu lini. Sikutaka kujua.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu. Daktari kasoma, kanyamaza, kasoma tena. Watu waliosoma wakinyamaza mie nakufa.

Sukari nzuri. Figo nzuri. Tezi ya shingo nzuri. Homoni ya maziwa imepanda mno. Kasema dawa peke yake ni mara chache kuipandisha hivyo. Saa nyingine kwenye ile tezi ya kichwani kunaota uvimbe mdogo. Itabidi apigwe picha ya kichwa.

Baada ya neno uvimbe sikusikia tena. Midomo yake ilikuwa inacheza tu. Nikawa namuona mwanangu kanyolewa nywele, kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Nikawa natafuta nani wa kumlaumu, nikampata wifi, nikampata marehemu kwa kufa, nikampata Mungu, astaghafirullah.

Daktari kanigusa mkono. Kauliza, "Asubuhi ile kabla ya kutoa damu, kuna mtu aliyemshika matiti? Kuyaminya?"

Nikamwambia nilimkamua. Si asubuhi ile tu. Kila asubuhi, kila jioni.

Kaweka kalamu chini. Kasema kwa upole, upole wenyewe umenichoma kuliko sindano. "Mama, mwili haujui kama ni mkono au ni mdomo wa mtoto. Ukikamua unauambia mtoto bado ana njaa, leta mengine."

Nimekaa nachimba kisima kwa mikono yangu, huku nalia mbona maji yanazidi.

Picha isubiri kwanza. Damu irudiwe baada ya Idi. Asiguswe, hata kwa kuangalia kama bado yapo. Akifika maabara akae nusu saa, asigombezwe, asitishwe.

Asigombezwe. Katika nyumba yetu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimepika pilau. Shemeji Hamisi kaja kutoka Chanika na mkewe na watoto. Yeye ndo mkubwa wa ukoo tangu mume wangu afariki. Wifi kanyamaza tangu asubuhi, kajipaka hina, kavaa dera jipya. Nikajua kuna kitu.

Watu wameshika sahani ndo kaanza. Kesho gari inakuja, Zuhura anakwenda Mkuranga, kila kitu kimepangwa. Hospitali wenyewe wameshindwa, wamepima wakaogopa, wanataka kumpasua kichwa. Kumbe kasikiliza dirishani nikiongea na simu. Na alichosikia nusu kakijaza mwenyewe.

Nikasema hakuna wa kumpasua. Nikaanza kueleza ile tezi, ile homoni. Maneno yakanigomea. Kwa daktari yalikuwa yameeleweka, kwangu yakatoka kama ya mlevi. Shemeji kasema, "Shemeji, mie sikatai hospitali. Lakini mtoto wa kike anavuja maziwa hana mume, watu wanasema. Akakae huko kidogo, tuone."

Tuone. Nilitaka kumwagia pilau.

Zuhura alikuwa anagawa juisi ya ukwaju. Kaweka trei chini. Kamwambia shangazi yake, taratibu, kama anamwelekeza njia, "Shangazi, nikiacha dawa, ikija utakaa na mie wewe? Mwaka jana ilinambia nikumwagie maji ya moto. Nilichemsha. Nilisimama na sufuria nje ya mlango wako. Ulikuwa umelala, unakoroma. Nikasimama mpaka yakapoa."

Hakuna aliyetafuna.

Kasema tena, "Maziwa yananitia aibu. Ile inanitia woga. Aibu naiweza."

Kaokota trei, kaendelea kugawa juisi. Kampa na shangazi glasi yake. Wifi hakuipokea. Shemeji kaniangalia, kaangalia sahani yake, kasema gari ya kesho ipigiwe simu isije.

Jioni nimesikia wifi anasukuma kabati nyuma ya mlango wake. Nami nimeosha vyombo, glasi moja imenivunjikia mkononi. Kumbe usiku ule wa maji ya moto nilikuwa nimelala chumba cha pili. Wala sikujua.

Alhamisi, 3 Aprili

Damu tena. Tangu Ijumaa ile sijamgusa. Mikono yangu nimeifungia kwenye kanga. Kavuja, kavuja basi, gauni si la mfalme. Maabara tumekaa kwenye benchi kimya muda waliosema. Alisinzia begani kwangu. Alikuwa mzito. Nilipenda.

Jumanne, 8 Aprili

Imeshuka sana. Bado iko juu ya kawaida, lakini daktari kasema hii sasa ni ya dawa, uvimbe haoni haja ya kuutafuta. Nikasema alhamdulillah kwa sauti mpaka wa nje wamesikia.

Halafu kaharibu. Kasema kuna njia. Tuiache dawa ilivyo. Au tuipunguze pole pole tukiingiza nyingine isiyopandisha homoni hii, ila ina yake, inanenepesha na inaweza kupandisha sukari, hivyo damu tutaipima mara kwa mara. Kukaa bila siku zake miaka si kuzuri, mifupa inadhoofu. Na kubadilisha nako kuna hatari, sauti zinaweza kurudi.

Kamuuliza Zuhura. Si mie. Zuhura.

Nilifungua mdomo. Daktari kaninyanyulia kiganja, binti mdogo yule, mie sawa na mama yake. Jibu langu lilikuwa tayari. Acheni. Yatoke tu maziwa, yajaze ndoo, mradi mwanangu kanyamaza. Mie nitamfulia.

Zuhura kasema tubadilishe. "Nataka siku zangu. Nataka siku moja nizae, si hivi."

Daktari kamwambia, ikirudi useme mapema. Na mie kaniambia, akisema usimgombeze, usilie, sikiliza.

Nilikuwa na hasira nao wote wawili. Nimelinda mtoto huyu kwa meno, leo wananiambia nikae benchi.

Jumatano, 16 Aprili

Wifi kahamia Chanika kwa shemeji. Kasema hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyesimama mlangoni kwake na sufuria. Kachukua kitanda, kabati, na mkeka wake wa ukili ambao haujaisha. Na sufuria lenyewe kalichukua. Sijauliza.

Kwenye gari kakaa mbele, hakuaga. Zuhura kampungia mkono. Yeye kaangalia barabara.

Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi mpaka adhuhuri. Baadaye nyumba imekuwa kimya mno. Nilizoea kuamka nikijua adui yangu yuko chumba gani. Sasa likitokea lolote, hakuna wa kumsingizia.

Elisha nimesikia kahamia Mbande. Nimempa mtu salamu za msamaha ampelekee. Hazijajibiwa. Ana haki yake.

Jumanne, 29 Aprili

Dawa ya zamani imebaki kidogo, mpya imepanda. Anakula. Juzi kamaliza ugali wa watu wawili kisha kauliza kama kuna ukoko. Kalala sana. Maziwa yamepungua, nimejua kwa nguo, sijamshika.

Ila nimekuwa mtu wa ajabu. Nasimama nyuma ya milango. Akiwa chooni nasikiliza. Akicheka na simu naenda kuchungulia ni simu kweli. Leo kanigeukia uani, sauti juu, sijamsikia hivyo tangu apate nafuu. "Mama, ukininyatia hivyo ndo nasikia hatua. Halafu sijui ni zako au ni za ile. Unanichanganya wewe."

Nikamwambia najali. Kasema, "Umekuwa kama shangazi."

Imeniuma. Nimemjibu vibaya. Nikamwambia basi nenda Chanika mkakae wote. Kajifungia. Nimelia nikiwa nakaanga dagaa, nikasingizia moshi, na hakuna hata aliyeniuliza.

Jioni kaja kula. Hatukuombana msamaha. Kasogeza sahani ya dagaa upande wangu.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imenyesha usiku, asubuhi jua. Damu tuliyotoa wiki hii imerudi vizuri, homoni inaendelea kushuka, sukari haijapanda. Maziwa yamekata. Siku zake bado. Daktari kasema tusizikimbize.

Nilikuwa nashona pindo la kanga iliyochanika, yeye kakaa na ungo anachambua mchicha wa mchana. Halafu, bila kuulizwa, bila kunyanyua kichwa, kasema, "Mama, leo imesema kidogo."

Mkono wangu umesimama. Sikulia. Nikauliza, "Imesemaje?"

"Imesema mchicha una mchanga."

Nikasogea, nikachukua jani moja, nikatia mdomoni. "Unao kweli."

"Unao," kasema.

Tumeumwaga kwenye beseni, tumeuosha upya, maji mawili.